Wa Mwisho Kuulizwa

Sogeeni karibu, ila mmoja wenu abaki mlangoni akitazama nje, maana habari hii wenyewe wako hai na wana magari.

Iko nchi iitwayo Heshimani. Msiitafute kwenye ramani. Waliopewa kazi ya kuichora waligawana karatasi na wino wakaenda zao. Ni nchi nzuri. Ina mito mikubwa, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko majirani zake wote, na ina Wizara ya Madaraja na Vivuko. Wizara hiyo ndiyo iliyomwajiri Shomvi Likwati, mtu mrefu, mpole, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono yake inasimama yenyewe. Alikuwa dereva wa Waziri.

Shomvi aliipenda kazi yake. Alijua kufungua mlango wa gari kabla Waziri hajaukumbuka. Alijua siku ambayo Waziri anataka maongezi na siku ambayo anataka dereva awe sehemu ya kiti. Na kwa utiifu wake, siku Waziri alipokwenda kuzindua daraja la mto Kiyeyeu, Shomvi alitazama, akaona daraja halipo, akanyamaza, akidhani labda macho yake ndiyo mabovu.

Maana wenzake wote walikuwa wakilishangilia. Utepe ulifungwa kati ya nguzo mbili. Bendi ilipiga. Mheshimiwa Dakta Polikarpo Sengasenga aliukata utepe, akasema, "Ndugu wananchi, kuanzia leo mto huu si kikwazo tena, ni mandhari!" Kisha akarudi garini kwa njia ileile aliyojia, kwa sababu mbele yake kulikuwa na maji. Wananchi wa ng'ambo walipiga makofi wakiwa ng'ambo. Wiki iliyofuata wakataka kuvuka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa hadi ukingoni na nduguze waliosikia redioni kwamba daraja limezinduliwa. Wakamzika palepale, yeye na kichanga chake. Wananchi wakapiga kelele, wafadhili wakapiga kelele, na Serikali ya Heshimani, ambayo huwa haioni aibu mpaka ionyeshwe, ikatangaza kwamba mwizi wa daraja lazima apatikane, awe nani, awe na cheo gani.

Kazi ikakabidhiwa Idara ya Mikono Misafi.

*

Zamani katiba ya Heshimani ilikuwa na kifungu kinachosema hakuna mtu atakayelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Wakubwa walikuwa wakikipenda kifungu hicho kuliko wake zao. Kila walipoulizwa majumba yametoka wapi, walikinukuu, wakafumba midomo, wakarudi majumbani humo humo.

Kamishna Mkuu wa Idara, Bwana Gervas Mtandika, akaapa kuukomesha ukimya huo. Akapeleka bungeni Sheria ya Ukweli wa Lazima. Ilikuwa fupi, hata Shomvi aliielewa aliposikia ikisomwa kwenye redio ya gari. Ukiitwa na Idara, utajibu. Ukinyamaza, jela. Ukidanganya, jela. Lakini kwa kuwa Serikali ina utu, neno utakalolisema kwa kulazimishwa halitatumika dhidi yako hata siku moja. Litatumika dhidi ya yule utakayemtaja, basi.

Wabunge waliisikiliza wamenuna. Halafu mmoja wao, aliyekuwa mwepesi wa kuelewa, akaanza kutabasamu. Akamnong'oneza wa kushoto, wa kushoto akamnong'oneza wa mbele. Muswada ukapita kwa nderemo, na mbunge mmoja mtu mzima akatoa machozi, akasema tangu uhuru hajaona sheria yenye huruma kama hii.

Tangu siku hiyo, kuhojiwa kukaitwa kuoga. Mkubwa akiitwa Idarani, mkewe anashona sare na mashoga zake, keki inaagizwa, na bango linatundikwa getini: HONGERA BABA KWA KUOGA. Anaingia, anaulizwa, anaungama yote bila kubakiza, anamtaja wa chini yake, anatoka akiwa safi. Yule aliyetajwa naye anaitwa, anaungama, anamtaja wa chini yake. Kesi inashuka namna hiyo, ngazi kwa ngazi, mpaka imfikie asiye na mtu wa kumtaja. Huyo ndiye anayefungwa.

Ukutani mwa Idara, malenga wa Serikali aliandikiwa kibali cha kuchora mistari mitatu kwa rangi ya dhahabu. Mstari wa nne uliongezwa na mpita njia kwa mkaa, kwa kejeli. Kamishna aliusoma, akaupenda, akaagiza nao upakwe dhahabu:

Sema kweli usifiche, Idara yakutakasa,
Ya moyoni yafikiche, uyatoe yote sasa,
Wenzio usiwaache, wataje bila kukosa,
Atakayebaki mwisho, huyo ndiye mwenye kesi.

*

"Shomvi, kanyaga mafuta!"

"Mheshimiwa, taa nyekundu."

"Taa nyekundu ni ya watu wasio na la kuungama! Kanyaga! Umeliona gari la Katibu Mkuu? Yule bwana anataka kuoga kabla yangu. Mimi ndiye niliyeiba kwa wingi, yeye aingie kwanza? Adabu iko wapi?"

"Lakini Mheshimiwa, si nyote mtaoga?"

"Hujui mambo wewe. Wa kwanza anachagua wa kumtaja. Wa nyuma anapewa makombo."

Shomvi akakanyaga. Walifika lango la Idara gari kwa gari, Waziri akaruka kabla halijasimama, akaupoteza mlangoni upande mmoja wa kiatu. Akaingia kuungama na soksi.

Idara iliweka vipaza sauti uani ili wananchi wafaidi ukweli walioulipia kodi. Shomvi aliketi kwenye boneti akasikiliza. Hajawahi kumsikia bosi wake akizungumza vizuri namna ile. Waziri aliungama saruji. Aliungama vyuma. Aliungama mchanga, ambao hata haukuwa na mnunuzi, lakini alisema aliona si vizuri uachwe peke yake. Wakamuuliza kama anajutia. Akasema anajutia kwamba mto Kiyeyeu ni mwembamba. Ungekuwa mpana, daraja lingekuwa refu.

"Na nani mwingine anahusika?" aliuliza Kamishna.

"Katibu Mkuu wangu. Ndiye aliyesaini."

Akatoka amevishwa shada la maua. Mkewe akapiga vigelegele. Shomvi, kwa mazoea, akamfungulia mlango.

Katibu Mkuu akaungama, akamtaja Mhandisi. Mhandisi akaungama, akamtaja Mhasibu. Mhasibu alikuwa mnyonge kidogo, watu wakadhani kesi itamwishia. Lakini alijikuna kidevu, akafikiri, uso ukamng'aa.

"Mheshimiwa Kamishna," akasema, na kipaza sauti kikayachukua maneno yake mpaka pale kwenye boneti, "fedha ziliondoka Wizarani kwa gari. Gari haliendi lenyewe. Lina dereva."

*

Wito uliandikwa kwa heshima zote. "Ndugu Likwati, unakaribishwa kuoga."

Mkewe, Mwanjaa, hakushona sare. Alikaa kizingitini na ungo mapajani, mchele haupepetwi.

"Sasa wewe utamtaja nani, mume wangu?"

"Sina mtu chini yangu, Mwanjaa. Chini yangu kuna matairi."

"Usinifanyie mzaha. Nimekuuliza."

"Na mimi nimekujibu."

Asubuhi Waziri mwenyewe alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kilikuwa laini mno. Shomvi alikikalia ukingoni asije akakizoea.

"Nimesikia habari yako, Shomvi. Pole. Lakini unanitia aibu. Mtu mzima, umefanya kazi na mimi miaka yote hii, hujatafuta hata mtu wa chini yako? Mimi nilianza na katibu muhtasi mmoja tu. Nikajijenga."

"Mheshimiwa, nilikuwa naendesha gari."

"Kila mtu ana mtu wake wa chini. Fungua macho. Yule mama anayeuza uji getini, anaitwaje?"

"Bi. Tunu."

"Si ulikuwa unanywa uji kwake ukinisubiri? Gari likiwa pale? Lenye sanduku la fedha ndani?"

"Nilikuwa nakunywa, Mheshimiwa."

"Basi! Mwizi wa daraja amekaa hapo getini, anakoroga uji mchana kweupe." Waziri akaegemea nyuma, amemaliza kumsaidia mtu. "Mtaje, uoge, kesho urudi kazini. Kesho tuna uzinduzi wa hospitali."

"Imejengwa, Mheshimiwa?"

"Shomvi. Mambo ya kitaalamu waachie wataalamu."

Akashuka. Bi. Tunu alikuwa getini, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, kanga imefungwa kiunoni, anamwaga uji vikombeni bila kudondosha hata tone.

"We Shomvi, mbona umepauka kama umelala jivuni? Shika kikombe."

"Bi. Tunu, leo sina hela."

"Nimekuuliza hela? Kunywa. Nimesikia wanakwenda kukuosha. Wakuoshe nini na wewe unanuka sabuni toka asubuhi?"

Shomvi akashika kikombe, midomo ikakataa kukifikia. Akataka kumwambia kwamba Waziri amelitaja jina lake. Akataka kumwambia kimbia. Kisha akamwona anavyomkemea mteja aliyeacha nusu kikombe, "Unamwachia nani, mwanaharamu? Maliza!" akaghairi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kimbia, atakuuliza kwanza kwa nini yeye, na Shomvi hakuwa na jibu.

*

Chumba cha kuogea kilikuwa na meza, Kamishna, karani na kipaza sauti. Ukutani, nyuma ya kioo, kilitundikwa kile kifungu cha zamani cha katiba, kwa herufi za kuremba: hakuna mtu atakayelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake.

"Ndugu Likwati," alisema Kamishna Mtandika kwa upole wa daktari wa meno, "daraja lilikwenda wapi?"

Shomvi akanyamaza.

"Kunyamaza ni jela."

"Basi naomba kutumia kile," Shomvi akaonyesha ukutani.

Kamishna akageuka kutazama, akatabasamu. "Kile? Kile ni cha kutazamwa, ndugu yangu. Watalii wanakipiga picha."

"Basi sijui daraja liko wapi. Huo ndio ukweli."

"Andika," Kamishna alimwambia karani, "amenyamaza."

"Nimesema sijui!"

"Sijui ni ukimya wenye kelele. Sikiliza, Likwati. Waziri alikaa hapo, akasema. Katibu Mkuu akasema. Watu wazito, wana presha na sukari, lakini walijitahidi wakasema. Wewe una nini cha kuringia? Hukuiba, haya. Na aliyeiba ni nani? Taja mtu wa chini yako twende tukale. Nasikia kuna mama wa uji."

Hapo damu ikampanda Shomvi kichwani. Utiifu wote aliokuwa nao, wa kufungua milango, wa kuwa kiti, wa kuona maji pasipo daraja akanyamaza, ulimtoka kwa jasho. Akamkumbuka yule mama aliyezikwa ukingoni na mwanawe. Hakuna aliyekuwa amemtaja kwenye kipaza sauti, hata kwa bahati mbaya. Akaivuta meza karibu.

"Sawa. Mimi ndiye niliyeiba."

Kalamu ya karani ikasimama.

"Nini?"

"Daraja. Nililiiba mimi. Peke yangu. Saruji, vyuma na mchanga wote. Sina mwenzangu wa kumtaja. Nimeungama kwa kulazimishwa na Idara yako, na sheria yako inasema maneno yangu hayatatumika dhidi yangu. Nimeoga, Kamishna. Niletee shada langu la maua."

Nje uani, waliokuwa wakisikiliza wakalipuka kwa shangwe. Sauti ya Bi. Tunu, aliyekuwa miongoni mwao, ikapenya hadi ndani: "Wape vidonge vyao, Shomvi!"

Kamishna alikaa muda mrefu hakusema kitu, jambo ambalo kwa mujibu wa sheria lilikuwa kosa. Kama dereva naye ameoga, kesi haina pa kuangukia. Wafadhili watauliza mwizi yuko wapi. Kisha, taratibu, uso wake ukapata rangi.

"Umesahau kifungu kimoja," akasema. "Kudanganya."

*

Kesi ya Jamhuri dhidi ya Shomvi Likwati, ya kudanganya kwamba yeye ni mwizi, ilijaza mahakama. Viti vyote vilichukuliwa na Waheshimiwa na wake zao. Bi. Tunu akaingia na kigoda chake kutoka getini, akakiweka kwenye korido mbele ya mlango ulio wazi, akaketi hapo na Mwanjaa akasimama nyuma yake.

Shahidi wa kwanza alikuwa Waziri. Alipanda kizimbani akiwa amekasirika kikweli.

"Mheshimiwa Jaji, nimetukanwa. Mtu ninayempa funguo za gari anasimama hadharani kudai kwamba aliiba daraja! Anafahamu zabuni huyu? Anafahamu nyongeza ya mkataba? Kuna usiku nilikuwa silali! Nililiiba mimi, kwa elimu yangu na jasho langu, na sitakubali historia ipotoshwe."

"Hayo hayatatumika dhidi yako," alisema Jaji.

"Najua, Mheshimiwa, ndiyo maana nasema kwa sauti."

Akafuata Katibu Mkuu, akaapa kwamba bila saini yake hata msumari usingeibika. Mhandisi akaleta michoro kuonyesha namna ya kujenga daraja kwa kutolijenga, na ukumbi ukampigia makofi. Mhasibu, akiulizwa kuhusu dereva, akacheka mpaka akatoa leso. "Huyu? Mheshimiwa, huyu aliwahi kurudisha chenji ya mafuta. Tukakosa pa kuiandika."

Shomvi hakuwa na wakili. Alipoambiwa ajitetee alisema neno moja tu: "Wanasema kweli."

Jaji alivua miwani. "Mahakama imeridhika pasipo shaka yoyote," akasoma, "kwamba mshtakiwa hakuiba daraja. Hakuiba saruji. Hakuiba mchanga. Ushahidi wa watu wanne walioiba umethibitisha hivyo, na mahakama inawashukuru kwa uwazi wao. Mshtakiwa ni mtu safi, na taifa lina haki ya kujivunia watu wa namna hii. Kwa hiyo alipojiita mwizi alidanganya, na adhabu ya kuidanganya Idara ni kifungo cha miaka saba na kazi ngumu."

Waheshimiwa wakasimama kupongezana. Waziri alipita karibu na Shomvi, akampiga begani bila kinyongo. "Umejifunza kitu lakini," akasema, akatoka. Mlango wa gari, safari hii, alifunguliwa na dereva mpya.

Shomvi alitolewa kwa pingu akiwa hana majonzi yaliyotarajiwa. Miaka saba ni mingi, lakini kesi imekufa mikononi mwake, haikushuka tena. Alijisemea hivyo mpaka alipofika koridoni, akamwona mjumbe wa Idara amesimama mbele ya kigoda, na bahasha mkononi.

"Wewe ndiye Tunu, muuza uji?"

"Ndimi. Na wewe ni nani unayeniita Tunu kama tulichunga mbuzi pamoja?"

"Unakaribishwa kuoga. Mahakama imethibitisha dereva hakuiba, na waliobaki wameshaoga. Kwa hiyo kesi imeshuka kwako, uliyekuwa ukimpa uji." Akampa bahasha. "Uje na jina la mtu wa chini yako."

Shomvi akawavuta askari wake wawili, pingu zikamkwaruza. "Bi. Tunu! Nitaje mimi! Mimi nimeshafungwa, hawana la kunifanya, nitaje mimi!"

Mjumbe akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayejua kazi yake. "Haiwezekani. Wewe una hukumu ya mahakama kwamba hukuiba. Katika Heshimani nzima, ni wewe tu usiyeweza kutajwa."

Mwanjaa akajifunika uso kwa mtandio. Bi. Tunu aliitazama bahasha, akamtazama Shomvi, akamtazama mjumbe kutoka viatuni hadi kofiani, na mdomo wake, ambao haukuwahi kushindwa na mteja, ukafunguka.

"Mtu wa chini yangu? Tazama mwenyewe kama una macho. Chini yangu kuna kigoda!"

Mjumbe akainama, akakitazama. Akatoa kalamu mfukoni.

"Cha nani?" akauliza.

"Usijibu!" Shomvi akapiga kelele. "Bi. Tunu, usimjibu!"

Lakini Bi. Tunu alikuwa ameshapandwa na hasira, na hajawahi katika maisha yake kukikana kitu alichokinunua kwa jasho lake.

"Changu!" akasema.

Mjumbe akaandika jina la aliye chini ya Tunu: Tunu.